Niliendesha gari hadi mwisho wa Iceland kumuuliza Mzungu aliyeondoka Kisangani na babu yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani, mvua imenyesha tangu alfajiri na mto una rangi ya chai ya maziwa.

Ninachoandika hapa kimenitokea. Nalisema mapema kwa sababu baadhi yenu mnanifahamu kule jukwaa la hadithi, mnajua kazi yangu ni kutunga. Hiki sikukitunga. Ningekitunga mimi, ningekipa mwisho mwingine.

Kiswahili cha huku kitajitokeza watu wakianza kuongea. Mtanivumilia; "njo" yetu ni "ndiyo" yenu.

Nianze na Koko.

Kwetu koko ni bibi. Koko Mwamini, mama wa baba yangu, anaishi mtaa wa Kabondo, kwenye nyumba ileile aliyoingia akiwa bi harusi miaka ya mwanzo ya uhuru, mji ukiitwa bado Stanleyville. Sisi ni wa zile familia za Waislamu wa zamani, waliobaki huku misafara ya biashara ilipokwisha. Babu yangu, Juma, alikuwa fundi mbao kwenye karakana ya meli mtoni.

Pale karakana alikuwa na rafiki, fundi wa injini, kijana mweupe kupita Wabelgiji wote, kutoka nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Watu walimwita Gunari. Alijifunza Kiswahili chetu kwenye vumbi la mbao, na jioni alikula pondu, kisamvu chetu, barazani kwa Koko, akalizwa na pilipili, akaomba nyingine.

Alipenda kusimulia kwao. Alisema bahari inaingia kati ya milima kama kidole, na kwenye ncha ya kidole kuna nyumba chache. Koko alilishika jina la kile kijiji. Alilitamka anavyojua yeye, lakini alilishika.

Kisha uasi ukaja.

Waasi walipouchukua mji, Wazungu walikusanywa. Babu akamficha Gunari darini kwetu. Koko alikuwa na mimba ya baba yangu, anapika huku mtu anapumua juu ya kichwa chake.

Ilipofika ile siku ya ndege, askari wa Kibelgiji wakishuka kwa miavuli, risasi zikawa zinatoka kila upande na hakuna aliyejua mji ni wa nani. Babu akamlaza Gunari ndani ya mtumbwi, akamfunika mikeka na mafurushi ya pondu, wakashuka na mto kuelekea Isangi.

Alimwambia Koko: "Ninafikisha huyu, ninarudia."

Basi.

Baadaye habari zilifika karakana kwamba Gunari alitokea Léopoldville, mzima. Habari za Juma hazikuja. Wala maiti, wala kofia.

Sasa hapa msome taratibu wakuu, maana kila kitu kinasimama hapa.

Koko hajawahi kukaa eda. Mnajua eda, zile siku ambazo mjane anakaa ndani kumlilia mumewe kwa heshima, akitoka amekuwa mtu mwingine. Kwetu mwanamke hakai eda kwa kudhani. Koko alisema atakaa siku atakayokuja mtu aliyemwona Juma kwa macho.

Sheikh alimjia, mara nyingi. Nimeshuhudia mojawapo nikiwa mdogo, nimekaa mlangoni.

"Mama Mwamini, uko huru tangu zamani. Hata ile eda yenyewe ilishaka kwisha. Inahesabiwa tangu siku alikufa."

"Siku gani, Sheikh?"

Sheikh akaanza kuhesabu tasbihi yake.

"Siku gani?" akarudia Koko, kisha akaenda kumletea chai.

Wanaume walimposa, akakataa. Hakuvaa nguo za mjane, hakuvaa za mke. Nimekua namwona kama mtu aliyesimama kizingitini maisha yake yote, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Mwaka jana nilialikwa kwenye nyumba ya waandishi, Iceland. (Mtakaouliza habari za visa, nitajibu chini, hiyo ni riwaya nyingine.) Nilipomtajia Koko jina la ile nchi aliacha kuchambua mchele.

"Kule njo kwa Gunari."

"Koko, atakuwa alishakufa."

"Kama alikufa, utaniambia alikufa. Kama iko, utamuuliza. Ye njo alikuwa naye mwisho." Akaninyooshea kidole chenye punje ya mchele. "Na weye nakujua. Kazi yako kudanganya batu na vitabu. Usiniletee roman. Uniletee habari."

Nikaapa: habari, si riwaya.

Kule, mama mwenyeji wa ile nyumba ya waandishi alisikiliza jina la kijiji kama Koko anavyolitamka, akacheka, akaweka kidole kwenye ramani. Siku hiyohiyo akapiga simu mbili tatu. Nchi ya watu wachache ina faida zake. Gunari yupo hai. Anaishi na binti yake, Hildur.

Hildur aliongea nami kwa Kiingereza, taratibu. Alisema, "Njoo. Lakini fika asubuhi. Asubuhi baba yupo. Mchana anaondoka." Nilielewa. Nina mjomba ambaye akili humtoka vivyo hivyo.

Nikakodi gari, kagari kadogo kekundu. Yule kijana wa kukodisha alinionya kitu kimoja tu, mlango: niushike kwa mikono miwili ninapoufungua, upepo huwa unaung'oa. Nikacheka. Nilipoufungua mara ya kwanza mlimani, upepo ulitaka kuondoka nao na mimi nikining'inia.

Wakuu, ile barabara siwezi kuielezea vizuri. Lami inaisha, inabaki changarawe. Hakuna mti. Mimi mtoto wa msitu, niliyezoea kijani kunizunguka kama ukuta, niliendesha ndani ya nchi iliyovuliwa nguo. Milima myeusi, theluji mikunjoni, kondoo wamelala katikati ya njia. Nilikuwa nikiongea peke yangu ili nisikie sauti ya mtu.

Nililala kwenye nyumba ya wageni njiani, nikaamka mapema, na asubuhi bado changa nikapinda kona moja, nikakiona. Kidole cha bahari. Ng'ambo ya maji, nyumba chache, kanisa jeupe, na nyumba moja ya bluu kama Hildur alivyosema.

Karibu kabisa. Niliweza kuhesabu madirisha.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa Kisangani pekee angelifanya.

Nilisimamisha gari ukingoni, nikashuka, nikasubiri wa kunivusha.

Msinicheke. Huku kwetu mji uko pande mbili za mto. Unachokiona ng'ambo unakifikia kwa mtumbwi. Unasimama, unapiga mluzi, unapunga mkono, mtu anakuja. Simu ilikuwa imepoteza mtandao, ramani ilikuwa imeganda, na barabara niliyoiona mbele ilikuwa inageuka kuyapa maji mgongo, kuelekea milimani. Kulikuwa na boti mbili zimefungwa upande wa pili. Nikasema, Hildur anajua nakuja, ataniona, atatuma mtu.

Nikapiga mluzi. Nikapunga skafu. Nikapiga honi, ndefu, kama dereva wa lori aliyefika kivukoni. Nikakaa juu ya jiwe.

Asubuhi nzima ilipita hivyo.

Mwishowe alipita mkulima na trekta lake. Akaniangalia, akaangalia maji, akaangalia skafu. Nikamwonyesha ng'ambo. Akachora hewani kwa kidole: unaingia ndani mpaka mwisho wa ghuba, unazunguka, unarudi upande ule. Barabara yenyewe inazunguka kila fjord, yaani kila kidole cha bahari, hivyo. Hakuna anayevuka.

Nilipofika nyumba ya bluu jua lilishapita kichwani. Nikasimama nje, nikaita "Hodi!" kwa mazoea, upepo ukalichukua neno. Hildur akafungua akiwa amevaa aproni.

"Lile gari jekundu lilikuwa lako?"

Alinisimulia jikoni, huku akinimiminia kahawa. Baba yake aliamka mzima, akavaa koti, akakaa dirishani kunisubiri. Aliona gari ng'ambo ya maji. Aliona mtu anapunga kitambaa. Akaanza kuongea. Aliongea asubuhi yote, kwa haraka, akionyesha maji, akilia, akieleza jambo fulani hatua kwa hatua. Hildur hakuelewa hata neno moja.

"Si Kifaransa," alisema. "Kifaransa nakijua. Sijawahi kumsikia akiongea lugha ile."

Nikaweka kikombe chini.

Gunari alikuwa bado kwenye kiti chake dirishani. Mzee mrefu, amekunjwa na miaka, mikono ya fundi bado mikubwa. Nilijua kutoka kwenye macho yake kwamba ameshaondoka. Nikapiga goti mbele yake kama tunavyomsalimu mkubwa. Aliponiangalia, uso wake ulifunguka wote.

"Juma."

Nikageuka kumtazama Hildur.

"Juma, ulivuka?"

Wakuu, Kiswahili cha Kabondo. Lafudhi ya barazani kwetu, kwenye kinywa cha mzee wa Iceland.

"Papa Gunari, mimi ni mjukuu wake. Nimekuja kukuuliza. Kule mtoni, ilikuwa namna gani?"

Alinishika mkono wa shati. Alikuwa na nguvu. "Uliniambia, lala kwa matete, usitoke. Nililala. Nilisikia bunduki. Ulivuka, Juma? Niambie. Ulivuka?"

Nilijaribu tena. Nilitaja jina la Koko. Nilitaja Isangi, na Yanonge iliyo njiani. Kila nilichouliza kilirudi kama swali lake. Alianza kulia, machozi yanaingia kwenye mikunjo ya uso, na Hildur amesimama nyuma yake amejifunika mdomo.

Nikasema, "Nilivuka."

Alitulia kama injini iliyozimwa. Akaniachia shati, akalinyoosha pale alipolikunja.

"Na muke yako, alizala?"

"Alizala. Mutoto mwanaume."

Hilo lilikuwa kweli. Akacheka, cheko la kijana, akasema pilipili ya Mwamini itamuua mtu siku moja. Kisha akalala.

Hildur akanifanyia kitanda. Alisema kesho asubuhi atakuwepo, nitamuuliza vizuri. Nilijipa moyo. Niliandaa maswali yangu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Asubuhi Gunari alikuwepo kweli. Alinyoa mwenyewe. Alinisalimu kwa Kifaransa, akajua kwamba mimi si Juma, akajua kwamba ni mjukuu wake, akaniambia nina paji la uso la babu yangu. Nikamweleza habari za Koko, na eda, na kwa nini nimetoka mbali hivyo. Alisikiliza yote.

Nikamuuliza, "Uliona nini siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na hofu," alisema. "Lakini Juma alivuka salama. Alikuja hapa jana, akaniambia mwenyewe."

Hildur akageukia dirisha.

Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia mara nyingi, kwa upole, kisha bila upole. Alinipiga piga begani kama unavyombembeleza mtu aliyefiwa na anakataa kukubali. Alikuwa na amani. Kilichokuwa ndani yake miaka yote, matete, bunduki, chochote kilichofuata, nilikuwa nimekipaka rangi juu, na chini ya rangi hakuna tena anayeweza kufika.

Niliondoka. Nilizunguka ghuba, nikasimama palepale kwenye jiwe langu ng'ambo, na mtandao safari hii ulikuwepo. Nikampigia Koko.

"Ulimuona mundele?"

"Nilimuona huyo Mzungu, Koko."

"Bon. Alimuona Juma kufa?"

Ningeweza, wakuu. Nilikuwa na hadithi tayari, yenye matete, na mto, na kifo cha haraka kisicho na maumivu, na mtu aliyemfumba macho. Koko angeingia ndani siku hiyo, angelia, angetoka.

"Sijui, Koko. Alikuwa anauliza yeye. Anauliza kama babu alivuka."

Nikasikia jogoo wa jirani yetu, kutoka Kabondo hadi kule.

"Donc tulikuwa babili," alisema pole pole. "Miaka yote hii. Ye kule, miye huku, tunangojea mutu moja." Sauti yake ilikuwa karibu ya furaha. "Na sasa?"

"Sasa hangojei tena. Nilimwambia alivuka."

Jogoo akawika tena.

"Kumbe," alisema Koko. "Roman umemupatia ye."

Kisha akasema, "Bon. Nimebakia miye peke yangu," akanipa salamu za kumpelekea mama mwenyeji, akakata simu.

Hajanilaumu hata siku moja. Nilipomletea shali ya sufu ya kule alijifunika, akasema inawasha lakini ni nzuri. Anaendelea kuchambua mchele. Anaendelea kusimama kizingitini. Ila zamani alipotaja jina la Gunari aliangalia mbali, kama kuna taa huko. Siku hizi halitaji.

Mnataka funzo? Nilidhani kumtuliza mzee anayelia ni jambo dogo, haliwezi kumgharimu mtu. Lilimgharimu mwanamke aliyekuwa mbali, anapika. Na kama unakwenda kumtafuta shahidi, usimpe jibu. Hata akikushika shati. Zaidi ya hapo sina. Nimeacha hata kuandika riwaya tangu nirudi, kila sentensi naona inavusha mtu ambaye hajavuka.

Kwa hiyo uzi huu nauacha wazi, na ninawaomba hivi.

Kama una mzee wa Yanonge, Isangi, Barumbu, popote pale chini ya mto, na aliwahi kusimulia habari za fundi mbao Mwislamu aliyeonekana na mtumbwi wa mikeka na pondu wakati wa uasi, andika hapa. Mahali tu panatosha. Siku tu inatosha.

Hata kama ni habari mbaya. Koko anasema hasa kama ni mbaya.

Usitutungie.