Alama za Panga kwenye Mikorosho ya Masaki

Mchoma mkaa alikuwa ameshaweka alama za panga kwenye mikorosho ya mama mkwe wangu, kule Masaki ya Kisarawe. Mama alikuwa amechoka kuuza korosho kwa bei ya kutupa. "Bangueni huko Kibaha mpaka vidole viungue. Mimi nauza mkaa," aliniambia. Mwanamke yule akisema, kasema.

Nikamsihi asubiri mzigo mmoja tu wa korosho zake, akakubali kwa shingo upande. Nilikuwa na kibanda cha kubangulia korosho pale Tumbi, Kibaha, na nilikuwa nimepata mnunuzi wa Afrika Kusini. Naye hakuzunguka: zikiingia kwao bila ushuru, kwa ule mkataba wa nchi za Kusini mwa Afrika, anachukua. Zikitozwa, ananunua kwingine. Nilitakiwa kuthibitisha tu kwamba zimeota Tanzania.

Rahisi, nikajisemea. Akaja mkaguzi anayesaini cheti cha kuthibitisha hivyo, akakuta korosho zimejaa kwenye viroba vya mchele wa Pakistani. Jamani! Nani Pwani hii ananunua viroba vipya wakati vya mchele vipo?

"Mama, hizi zimetoka wapi?" akaniuliza.

"Kisarawe, baba."

"Mbona kiroba kinasema Pakistani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia twende shambani akajionee.

Tulifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Mkaguzi akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Umekuja kuiona mikorosho? Umewahi, maana mzigo huu ukikwama ni mkaa."

Mkaguzi hakucheka. Alizunguka shamba lote, akapiga picha, akaokota bibo na korosho yake, akailinganisha na zangu alizokuja nazo. Akasema atasaini.

Mpaka leo mwili unanisisimka. Wakubwa wamekaa huko kwenye mahoteli, wamekubaliana maneno, na maneno yale yakaja mpaka Masaki kuuliza habari za miti ya mwanamke ambaye hajawahi kuvuka hata Mto Ruvu. Haki ya Mungu, niliogopa na nikafurahi kwa pamoja.

Mzigo ulipofika, mnunuzi alinitumia picha: pakiti ziko dukani kwao, zimeandikwa Tanzania. Nikampelekea mama mkwe simu. Aliitazama mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

"Hizi zangu?"

"Zako, mama."

"Basi viroba vya Pakistani nisivione tena hapa kwangu."

Akatoka nje, akachota udongo mbichi, akaanza kuziba alama za panga, mti mmoja mmoja.