Kura ya Ndoo Thelathini na Tisa

Mwanangu wa kwanza alisoma chuo miaka mitatu akarudi na cheti cha falsafa ya siasa. Nikamuuliza hiyo inafanya kazi gani. Akasema inauliza kwa nini mtu amtii mwenzake. Nikamwambia hilo hata mimi nalijua: kwa sababu nimekuzaa. Akacheka, akaliandika kwenye daftari.

Miezi kumi na minne alilala sebuleni kwangu, miguu ikining'inia nje ya kochi, mpaka kamati ya maji ikamchukua kusimamia bomba la mtaa wetu kwa majaribio ya mwezi mmoja. Kazi yenyewe ni kufungua koki maji yakija, saa mbili hadi saa nne asubuhi, na kuona ndoo zinakwenda kwa zamu. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa haongei, na kwa miaka tisa hakuna aliyegombana. Kila siku nilikwenda bombani mapema kuliko haja, nikawa namtazama mdomo tu.

Wiki tatu zilipita salama. Ya nne, akamuuliza dereva mstaafu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa nini kuwahi kumpe haki kuliko mwenye mgonjwa nyumbani. Dereva akajibu kwa sababu amewahi. Kesho yake hakuna aliyekubali kusimama nyuma ya mwenzake. Kila mtu alikuwa na mgonjwa.

Siku ya mwisho ya majaribio akaitisha kikao pale bombani alfajiri, watu wajiamulie utaratibu. Fundi cherehani, ambaye huja na ndoo sita, akadai kura sita. Dereva akasema ndoo yake ina ufa katikati, je, atahesabiwa nusu? Wakabishana mpaka fundi akachoka. Akasema ndoo zimewashikia nafasi miaka yote, basi ziwashikie na kura, wao wakafanye kazi zao. Wakaafiki, wakaondoka. Tukabaki mimi, mwanangu na ndoo thelathini na tisa.

Saa mbili bomba likakoroma. Nikamwambia ajaze. Akasema hawezi, ndoo hazijaamua ipi ianze. Nikamwambia basi jaza hata yetu.

"Mama, huo ni upendeleo."

Nikakaa juu ya jiwe mpaka saa nne maji yakakatika.

Hapo hapo akafika mwenyekiti wa kamati, mzee wa haraka, kuamua kama mwanangu aajiriwe. Aliona ndoo zimepangwa vizuri, wala hakuinama kuchungulia. Alipouliza watu wako wapi, nikadakia kwamba wameziachia ndoo kura zao. Akaona hilo litamwokolea muda.

"Anayempinga kijana huyu aseme," akaziambia ndoo. Akangoja kidogo. "Hakuna. Ameajiriwa."

Akatoa kalamu. Nikashusha pumzi. Mwanangu akamshika mkono.

"Hapana, mzee. Kunyamaza si kukubali. Wenye ndoo hawajui hata kama maji yalikuja."

Nikamfinya.

"Na mama ananifinya," akasema.

Mwenyekiti akarudisha kalamu mfukoni, akamwambia basi akawaulize hao wenyewe, amletee majibu kabla ya saa kumi.

Akazunguka mlango kwa mlango na daftari lake, mimi nyuma. Kila mlango alianza kwa kueleza kosa: maji yalikuja, sikufungua. Ndipo anauliza. Fundi akasema aondoke, mara sita. Dereva akasema aondoke, nzima, si nusu. Hakuna aliyemwonea huruma. Wa mwisho nilikuwa mimi, maana na mimi nina ndoo. Nikasema abaki. Akaandika: mmoja amepinga.

Akamkabidhi mwenyekiti karatasi na ufunguo wa koki, akarudi nyumbani anatembea kama aliyepandishwa cheo.

"Sasa umeona inafanya kazi gani, mama?"

Nikamwambia nimeona. Nikatandika kochi.

Alfajiri iliyofuata akachukua ndoo yetu, akasimama nyuma kabisa ya foleni. Msimamizi mpya hakuwa mtu wa maneno. Nilimtazama mwanangu mdomo, na kweli hakuufungua. Nikaanza kutulia. Ndipo fundi cherehani akaweka chini ndoo zake sita, akamgeukia dereva.

"Hivi huyu mpya," akauliza, "nani alimkubali?"