Mzee, Kulia, Hatari Ndogo

Shukri, fundi wa kushona viti hapo mtaa wa Kuze, alikuwa na raha moja ambayo hakuigawa na mtu ila mkewe. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alimpakia Mwanakuu, mama wa kijana wao Munir, kwenye pikipiki, wakatoka taratibu vichochoroni mpaka ufukweni Mama Ngina, wakala mihogo ya kukaanga, wakarudi kabla ya magharibi. Nyumba yao ilijaa mawifi na watoto wao, na maneno ya watu wawili hayakupata nafasi. Basi Mwanakuu aliyasemea mgongoni mwa mumewe, naye akiitikia kwa kichwa.

Siku moja pikipiki iliteleza mvuani, Makadara, wakaponea chupuchupu. Shukri akaapa hatamhatarisha mkewe tena. Akajiandikisha mafunzo ya juu ya uendeshaji kwa mwalimu Oliver, kule Kilindini, kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Akajifunza kufunga breki bila kuburura tairi, kukata kona kwa ustadi na, zaidi ya yote, kutaja kwa sauti kila hatari aionayo mbele. Elimu nzuri, sikatai. Ila ilimpanda kichwani.

"Mkokoteni mbele. Paka kushoto. Usiegemee, Mama Munir, kaa wima!"

Hayo ndiyo yakawa maongezi ya Ijumaa.

Sasa, Kuze mtu hapiti barazani bila kutoa salamu. Hata uwe mbioni, utapunguza mwendo, utainua mkono. Ijumaa moja Maalim Athman, aliyemsomesha Shukri Kurani tangu alifu, alikuwa akivuka kichochoro na mkongojo wake. Shukri, mikono yote miwili usukanini, macho mbele, akapaza sauti:

"Mzee, kulia. Hatari ndogo!"

Baraza zima likasikia.

"Jihadharini, hatari yavuka!" mmoja akadakia, na wenzake wakavunjika mbavu. Maalim hakucheka. Alisimama katikati ya njia akimtazama mwanafunzi wake.

"Simamisha," alisema Mwanakuu. Akashuka, akamwamkia maalim, akamwombea mumewe radhi. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, helmeti ingali kichwani juu ya buibui, watu wakimkodolea macho. Shukri alimfuata akiisukuma pikipiki, uso umemsawijika. Laiti ardhi ingepasuka immeze.

Jioni ile alikwenda kumbusu maalim mkono. Alisamehewa upesi, na hilo likamuumiza zaidi. Mwanakuu naye hakununa wala hakulaumu, ila Ijumaa mbili mfululizo alisema ana kazi nyingi. Shukri alibaki akiifuta pikipiki iliyokwisha kung'aa, akijiona mpumbavu.

Ijumaa ya tatu alimbembeleza. "Twende, Mama Munir. Leo sitasema hata neno."

Wakapita Kuze, Shukri akitoa salamu kila baraza. Walipofika Makadara, tuktuk ikachomoka bila ishara. Shukri akafunga breki kama alivyofundishwa, kwa ulaini, hata Mwanakuu hakugundua; alikuwa akiendelea na maneno yake. Ulimi ulimuwasha Shukri ajisifu, akaumeza. Moyo ukamchangamka. Kumbe angeweza kuwa dereva hodari bila kumkera mtu! Hapo ndipo alipoanza kusikiliza.

"...basi mama yake Lamis asema waje kuposa baada ya Ramadhani."

"Lamis ni nani?" aliuliza Shukri.

Mwanakuu akauachia mgongo wake, akakaa wima. Walikwenda hivyo mpaka karibu na Mama Ngina.

"Ni msichana ambaye mwanao ataka kumuoa," Mwanakuu alisema mwishowe. "Munir aliona haya kukwambia, akanituma mimi. Nimekweleza mara tatu, hapa hapa mgongoni mwako. Mara zote wanijibu mkokoteni mbele."

Shukri akasimamisha pikipiki kando ya njia, akazima injini.

"Mwezi wa pili huu yuwangoja jibu," alisema Mwanakuu. "Yuwadhani umemkatalia."

Shukri hakuthubutu kugeuka kumtazama.