Mboga za Jirani, Mbolea Yangu

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya baiskeli, kwa sababu ya sauti ya kuimbia kanisani, na mara moja kwa sababu ya meno. Lakini wivu wangu mkubwa kuliko wote, ule ulioninyima hamu ya kula, uliletwa na dodo. Dodo ni mchicha. Ndivyo tunavyouita hapa Kigali.

Dodo hizo zilikuwa za jirani yangu wa chini, fundi cherehani mwenye chumba cha kazi kule Biryogo. Nyumba zetu zimeshikilia mteremko wa Rwezamenyo: yangu juu, yake chini yangu, na chini kabisa kuna chemchemi ambako mtaa mzima huteka maji mabomba yakikauka. Kila nyumba ina bustani ya jikoni, ile ya mviringo iliyopandishwa ngazi kwa ngazi kama keki ya harusi. Yangu ilikuwa keki iliyokaliwa. Yake ilikuwa na majani ambayo, nasema bila kuongeza neno, mtoto angeweza kujifunika akalala.

Mke wangu alizoea kusimama uani na kutazama chini.

"Baba, hebu angalia zile mboga. Yule mtu ana mkono wa kupanda."

Mimi nina mikono miwili, na yote miwili ilinung'unika.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni. Tulisoma watu wazima tuliotoka kazini, magoti yamebanwa chini ya madawati ya watoto, na nikapata cheti cha sekondari nikiwa na mvi. Nilikitundika sebuleni, mahali ambapo hata mtu aliyekuja kuomba kiberiti asingeweza kukikwepa. Mtaani wakaanza kuniita profesa, wachache kwa heshima, wengi kwa dhihaka, nami nikawaitikia wote.

Katika kemia kulikuwa na jambo moja nililolishika barabara: naitrojeni hufanya majani yawe makubwa na ya kijani. Nusu ya pili ya somo hilo nilikuwa nimelala.

Basi nikanunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi na kuuficha nyuma ya banda la kuku. Muuzaji aliniambia niweke kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Nikamtazama, nikaona huyu hana cheti. Nilitumia kikombe.

Nilifanya kazi hiyo Ijumaa mchana, jirani akiwa amekwenda msikitini, maana sikutaka aone siri ya ushindi wangu. Ulikuwa msimu wa mvua. Kila Ijumaa nilinyunyiza, na kila Ijumaa alasiri mvua ilishuka kama iliyotumwa. Nilishukuru, nikidhani Mungu ananisaidia kumwagilia.

Baada ya wiki chache dodo zangu zilikuwa zimeungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Za jirani zilikuwa zimemfika kiunoni. Nikaongeza kikombe cha pili. Zangu zikalala chini, zake zikampita kiuno. Nilianza kuamini kwamba ananiloga. Kisha nikakumbuka kuwa mimi ni msomi, nikaamini badala yake kwamba anatumiwa mbolea ya siri kutoka Ulaya.

Siku moja alinisemesha kutoka upande wake wa ua.

"Profesa, mboga yako iko na shida gani? Unaipa chai ya moto?"

"Jua la kwangu ni kali."

"Jua la kwako na la kwangu si moja?"

"Linaanzia kwangu. Likifika kwako limeshapoa."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akakata fungu la dodo na kunipa. "Mpelekee mama." Nilipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Chakula cha siku hiyo mke wangu alikula akiguna kwa utamu, na kila mguno niliuhesabu.

Kisha chemchemi ikabadilika. Birika la saruji ambalo maji yake yalikuwa meupe kiasi cha kuona sarafu chini likaota utando wa kijani, na maji yakaanza kunuka kama vazi lililosahauliwa ndani ya ndoo. Watu waliteka, wakanusa, wakamwaga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akatukalisha kwenye nyasi juu ya chemchemi.

"Haya ni mambo ya mbolea," alisema. "Kuna bustani inayolishwa kupita kiasi. Tukijua ni ya nani, itang'olewa leo, na mwenyewe hapandi tena mpaka mvua ziishe."

Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa kidole. Macho yote yalikwenda kwenye ule msitu wa jirani yangu. Nakiri kwamba moyo wangu ulipiga hatua mbili za ngoma. Hatimaye.

"Profesa," mama mkuu akanigeukia, "wewe umesoma. Tueleze mbolea inafikaje kwenye maji."

Nilisimama. Nilijifuta matope mikononi na kuanza kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu kuzaliwa. Niliwaeleza kuhusu naitrojeni. Niliwaeleza kwamba mmea hunywa kidogo tu, na inayobaki huyeyuka, na maji ya mvua huichukua na kushuka nayo, nyumba hadi nyumba, mpaka bondeni, ambako huulisha utando wa kijani. Sijui nusu hiyo ya somo iliniingiaje nikiwa usingizini, lakini ilitoka kinywani mwangu yote, imenyooka. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Nikaketi nikiwa mrefu zaidi.

Jirani akainuka polepole.

"Mimi sijanunua mbolea maishani mwangu," alisema. "Natumia samadi ya sungura na maganda. Ila Ijumaa nikirudi kutoka msikitini nakuta chembe nyeupe kwenye udongo, hasa mvua ikinyesha. Nilidhani ni baraka. Kama ndizo zinaharibu maji, nitang'oa. Watu wanywe kwanza."

Akachukua jembe lake. Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema mtu mwenye moyo kama huo haishangazi mboga zinampenda. Mwingine akasema kama zinang'olewa basi tugawane, hakuna mtaani aliyewahi kukuza dodo kama hizi, huyu mzee kweli ana mkono.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Alijua kuhusu banda la kuku. Mke hujua kila kilichoko nyuma ya banda la kuku. Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa sababu ya haki, au kwa sababu ya watoto wanaokunywa maji yale. Sivyo. Nilisimama kwa sababu nilielewa mbolea yangu ilikwenda wapi wiki zote zile, na kwamba sifa zilizokuwa zikimwagwa pale zilikuwa zangu.

"Zile mboga ni zangu," nilisema.

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Nimezilisha mimi. Kikombe kimoja kila shina, halafu viwili. Yeye hana mkono wowote. Ule ni mkono wangu."

Kicheko kilichofuata nadhani walikisikia hadi Kicukiro, ng'ambo ya mji. Hata mama mkuu alijifunika uso kwa daftari. Kisha akalifunua, akaandika uamuzi na kuusoma: bustani ya jirani isiguswe, yangu ing'olewe, nyumba zote zilizo juu ya chemchemi zisitie chumvichumvi msimu wa mvua, na ukiisha ni kizibo, si kikombe, na kila ua uwe na mtaro wenye nyasi upande wa chini. Wangu ulichimbwa siku hiyohiyo na mtaa mzima, wakiniita profesa kila jembe likipanda na kila likishuka. Jirani ndiye aliyechimba sehemu kubwa.

Chemchemi ilichukua muda, lakini sasa sarafu inaonekana tena. Mvua zilipokwisha nilipanda upya, kwa samadi ya sungura aliyoniletea jirani mwenyewe ndani ya kapu. Dodo zake, bila mbolea yangu, zimerudi kuwa kama za mwanzo, jambo lililonifurahisha kwa wiki mbili nzima.

Siku hizi, Ijumaa, akiwa amekwenda msikitini, naruka mtaro na kupima jani lake kubwa kwa kiganja changu, kisha napanda kupima la kwangu. Bado ananizidi vidole viwili.