Jinsi Mwalimu Kitheka Alivyombakisha Kui

Mtoto anayejua kukimbia ni mali ya nani?

Usijibu haraka. Kila mwaka, msimu wa mbio za nyika unapoanza, watu wazima wenye filimbi shingoni huanza kugombania watoto kutoka Ruiru hadi Thika. Shule yenye basi humnyang'anya yule mwenye baiskeli, mwenye baiskeli humficha wake asionekane, na mtoto mwenyewe huwa anafunga kamba za viatu pale pembeni. Haulizwi.

Mwalimu Kitheka alikuwa na jibu lake tangu akiwa na miaka kumi na saba, siku aliyorudi kwao Ngoliba na godoro kichwani na goti limevimba kama papai. Shule kubwa ya bweni ilimchukua kidato cha pili kwa sababu ya miguu yake. Ilimkimbiza kila wiki, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na goti lilipokataa ndipo ikagundua kwamba hakuwa mzuri wa hesabu. Akafukuzwa. Mtihani wa kidato cha nne aliufanyia kwingine, mwaka mmoja baadaye. Siku hiyo ya godoro aliapa kwamba akiwahi kuwa mwalimu, hakuna mtoto wake atakayechukuliwa.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alifundisha kompyuta na michezo katika shule ya kutwa huko Theta, shule isiyo na basi wala uwanja. Alichokuwa nacho ni geti. Lilifungwa saa moja kasorobo asubuhi, na aliyechelewa aling'oa nyasi hadi saa mbili. Kitheka alisimama hapo na mlinzi kila siku, akiangalia watoto wanaokuja mbio kutoka mbali. Wengi walifika wakainama, mikono magotini, hoi. Yule aliyefika akiwa bado na pumzi ya kujitetea, huyo alikuwa wake.

Kui alimpata hivyo, akiwa kidato cha kwanza.

"Umetoka wapi?" alimuuliza.

"Kule juu kwa mijengo mipya, mwalimu. Nimechelewa kwa sababu mamangu alikuwa anapikia mafundi, halafu maji ikaisha, halafu..."

"Umekuja na nini?"

"Na nini aje? Na miguu."

Mlinzi alicheka. "Huyu hata boda haimshiki, mwalimu!"

"Wewe, una miguu," Kitheka akamwambia. "Kesho uje mazoezi."

Kumpata mkimbiaji si kazi. Kazi ni kumweka. Kitheka alipika uji kwa sufuria yake mwenyewe ili wasikimbie na njaa. Alishona viatu kwa sindano ya magunia. Alienda hadi machimbo ya mawe kubishana na mababa waliotaka vijana wao wapakie lori, akatukanwa, akarudi tena wiki iliyofuata. Hata hivyo, kati ya wale kumi na wawili walioanza na Kui, walibaki wanne. Machimbo yalichukua watatu. Mmoja alipata mtoto. Wengine waliacha tu kuja, na alipowakuta njiani walivuka upande wa pili wa barabara.

Lakini Kui alikuja kila siku kwa miaka miwili, huku Kitheka akifuata nyuma kwa baiskeli na lile goti lake likilia kila kilima. Alijua muda wake wa kilomita tano hadi sekunde. Alijua kiatu cha kulia ndicho kinachoisha kwanza.

Mwezi wa pili, akiwa kidato cha tatu, Kui akawa wa pili katika mbio za kaunti pale Thika. Kabla hajamaliza kutema mate, bwana mmoja wa tracksuti nyeupe alikuwa ameshamshika bega. Ni Gachau, kocha wa shule kubwa ya bweni.

"Mwalimu wa uji!" Gachau akampigia Kitheka kelele. "Huyu umenilelea vizuri. Asante, sasa nipe."

"Mtoto si mbuzi, Gachau."

"Mbuzi ningelipa."

Mamake Kui, Gathoni, alitia sahihi siku iyo hiyo. Mwalimu mkuu, Bi. Idah, naye akatia. "Mwache aende, Kitheka," alisema. "Sisi hata maabara hatuna. Unambakishia nini hapa?" Ilibaki hatua moja tu. Ili shule mpya impokee na kumwandikisha msimu huo, shule ya zamani ilipaswa kuliachilia jina lake katika mtambo wa wizara kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bi. Idah hakuwa na habari za kompyuta. Neno la siri alikuwa nalo Kitheka. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza mahali pamoja.

Jumatatu Kitheka aliufungua mtambo, akaliona jina, akaona kitufe. Akaufunga.

"Mtambo umekwama," alimwambia Bi. Idah.

Nani angekataa? Mtambo ule hukwama kila muhula. Walimu wote wamewahi kukesha nao. Hakuna uongo rahisi kuaminika katika shule za nchi hii kama huo, na Kitheka, mtu aliyewahi kumfuata mkimbiaji wake mwingine nyumbani kwa kilomita sita kumrudishia kalamu, aliutumia Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

"Kocha, bado?" Kui alimuuliza kila mazoezi.

"Bado."

"Lakini utajaribu tena?"

"Nitajaribu."

Moyoni alijiambia anamwokoa. Aliliona godoro. Aliliona goti.

Ijumaa saa kumi na nusu Gathoni aliingia katika chumba cha kompyuta, ndala zake zimekaukiwa na simenti. Hakukaa.

"Mwalimu, pole kwa kukusumbua. Hiyo kitu imefunguka?"

"Bado, Mama Kui. Lakini usihofu. Hata hapa anaweza kuendelea vizuri. Mimi niko naye."

"Hapa ataishi wapi?"

Kitheka akamtazama. "Si nyumbani?"

"Nyumbani gani, mwalimu? Sisi tunalala kwa ile stoo ya mabati ya mjengo, tunachunga simenti. Mjengo umeisha. Mwenye mjengo anahamia kesho, mabati inabomolewa." Aliongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nimepata kazi Thika, huko chini karibu na Chania, kuangalia mzee mgonjwa. Ni kazi ya kulala huko huko. Wamesema niende peke yangu. Kui alipoitwa bweni nikasema, haiya, Mungu ameona. Mtoto amepata kitanda."

"Na asipoenda bweni?"

"Kuna Wavinya, rafiki yangu, anakata maua kwa shamba. Kui anaweza kulala kwake. Lakini Wavinya ako na watoto watatu. Mtu wa kuongezeka lazima aingie kazi na yeye."

Miaka miwili. Alijua sekunde zake zote, na hakuwahi kumuuliza analala wapi. Gachau naye hakuuliza. Fomu za mashindano zina nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ya uzito, ya muda bora. Ya kitanda haipo.

Kitheka aliigeukia kompyuta. Sasa mtambo ulizunguka. Ukazunguka. Siku hiyo, saa hiyo, ulikuwa umekwama kweli, kila shule nchini ikibonyeza dakika za mwisho. Ulipofunguka ilikuwa saa kumi na moja na dakika tisa. Alitafuta kitufe. Hapakuwa na kitu cha kubonyeza.

Akampigia Gachau.

"Kumbe mtambo wenu umepona!" Gachau akacheka. "Umechelewa, mwalimu wa uji. Saa kumi nimeingiza msichana wa Gatundu. Hawa watoto ni wengi, bwana. Baki na wako."

Kitheka alimgeukia Gathoni akiwa na ukweli mdomoni. Gathoni alimtangulia.

"Najua, mwalimu. Umejaribu wiki mzima, Kui ameniambia. Mungu akubariki."

Na Kitheka, mtu wa kubishana na mababa machimboni, alinyamaza.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa kumi na mbili, alipanda baiskeli kwenda kule kwenye mijengo kusema alichoshindwa kusema. Hakufika. Kwenye njia panda alikuta watu kama arobaini wakingojea lori la shamba la maua. Lori lilipotokea halikusimama, lilipunguza mwendo tu. Shambani huchukuliwa wanaowahi kupanda lori, na watu wote wakaanza kukimbia, akina mama wameshika leso, vijana wakisukumana.

Nyuma ya wote, gamboti kubwa za mtu mwingine miguuni, alikuja Kui. Alimpita wa kwanza, akapita kumi, akapita vijana. Akafika kwenye ubao wa nyuma wa lori peke yake, kifua kimetulia, akanyoosha mkono.

Nyapara alimvuta ndani.

"Wewe, una miguu!" akamwambia. "Kesho uje tena."