Chunga Mashine

Natanaeli Musoni, jirani yangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ni mtu mnyoofu, tatizo lake ukimpa neno analishika kama ulivyolitupa. Kwao milimani Kivu alichunga ng'ombe tangu ana meno ya utoto. Alipoitwa kujaribiwa kazi kwenye kiwanda kimoja cha maziwa Mbarara, kanisa zima lilifunga siku mbili likimwombea. Sasa arudi bila kazi, angepita njia gani asiulizwe?

Siku ya mafunzo ya usalama tulikuwa wapya watano, gambuti miguuni. Mwalimu wetu Rwakabuba, Munyankore mwenye Kiswahili cha polisi, alituambia anayekosea leo asirudi kesho. Akatuonyesha mkanda unaopeleka madebe kwenye mashine ya kuosha.

"Hii inakula mikono. Chunga hii mashine."

Sisi tukarudi nyuma. Natanaeli wangu akasogea mbele.

"Wewe mzee, chunga!"

Akasogea tena. Akasimama ubavuni mwa mashine, akaipigapiga bati lake taratibu kama anatuliza mtamba. Mimi sipendi kumcheka mtu mzima, lakini siku hiyo niliuma midomo. Kisha nikaona mkono wa koti lake umebakiza shibiri moja kufika kwenye mkanda, na kicheko kikaniisha. Rwakabuba akabonyeza kitufe chekundu, kila kitu kikanyamaza.

"Unataka kufa?"

"Bwana, ni wewe umesema niichunge. Nitaichunga niko mbali namna gani? Ngombe yangu hata moja haikupotea juu ya uvivu. Zile zilienda, ni batu ya bunduki balizibeba."

Aliongea bila hasira, na mimi nikasikia uchungu. Rwakabuba, naye mtoto wa wafugaji, akamsogelea.

"Ssebo, mzee wangu, ng'ombe ya kupiga teke unachunga namna gani?"

"Namuachia fasi. Na simugeuzie mugongo."

"Basi hii ni ya teke."

Natanaeli akarudi hatua tatu bila kusukumwa, na mpaka jioni hakuna aliyesimama vizuri kumshinda. Majina ya waliofaulu yaliposomwa, lake lilikuwamo.

Nje ya geti akampigia mkewe simu. Nilingoja aseme amepata kazi, kama watu wengine wanavyosema. Mzee akageukia ukuta.

"Mama Benitha, bamenipatia moja ya kuchunga."