Meno Mapya ya Zisis

Siku ya kwanza Zisis alipoingia mkahawani kwa Theano, yule mama alimtia kasoro kabla hajamsikia akipuliza. Ndivyo alivyozoea kununua. Uwe umeleta mbuzi, jibini au muziki, kwanza utaambiwa una kilema.

"Umekonda, baba. Hiyo klarineti itakumaliza pumzi kabla watu hawajashiba."

"Na kahawa yako ni maji matupu, mama, lakini mimi nimenyamaza."

Theano alicheka, akajua amepata mtu wa kupatana naye. Yeye ndiye aliyewakodi wanamuziki wa sikukuu ya Mama Maria kila Agosti pale Mavrolithi, kwa kuwa mkahawa wake uko uwanjani na kijiji kizima hula kwake. Wakakubaliana: Zisis atakalia kiti cha kati, baina ya fidla na dufu, na yeye ndiye atakayefungua kilio.

Mavrolithi hakuna anayecheza kabla ya kilio. Misa ikiisha watu hukaa mezani, chakula hakiguswi, na klarineti peke yake huwalilia waliokufa mwaka ule. Sauti huanzia juu, huteleza, hukatika kama mtu aliyekabwa na kwikwi, kisha hushuka. Wafiwa hufunika nyuso. Baada ya hapo ndipo mkate humegwa. Zisis alikikalia kiti kile mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuwa na kingine. Mke alishazikwa, nyumba yenyewe ya kupanga.

Kisha meno yakamwisha. Fizi zilioza, daktari wa mjini akayang'oa yote, akampa ya bandia, meupe kama vigae vya bafuni. Zisis akapuliza, klarineti ikalia kama bata.

"Nipe mpaka sikukuu, mama," alisema. "Nitajifunza upya."

"Mdomo wa umri huo utafundishika?"

"Wangu utafundishika."

"Na usipofundishika?"

Theano hakuwa mtu wa kugawa muda bure. Apostolis, mpigaji wa mjini, alikwisha kukiulizia kile kiti. Basi wakapatana: kiti kitamngoja Zisis, lakini kilio kikimshinda, kiti ni cha Apostolis, na ile klarineti nyeusi aliyorithi kwa baba yake itabaki kwa Theano. Zisis alikubali papo hapo. Jambo hilo lilimkera Theano. Anayekubali bei ya kwanza huwa hana pa kwenda.

Zisis alianza kama mwanafunzi. Kwanza kidomo cha kupulizia peke yake, bila mwili wa klarineti, akishikilia sauti moja mpaka iache kuyumba. Halafu sauti ndefu, moja kwa pumzi moja, ikianza chini kabisa, ikivimba, ikirudi. Halafu kupanda na kushuka polepole, vidole vikiinuka kidogo tu. Alikunja mdomo wa chini juu ya meno, ukachanika. Akakunja yote miwili. Akabandika kipande cha ngozi ya mbuzi juu ya kidomo ili meno yasiteleze.

Haya aliyafanyia nyuma ya nyumba, mpaka Bibi Kalio, jirani yake, alipokuja kugonga dirisha.

"Nani kafa?"

"Hakuna, bibi. Nafanya mazoezi."

"Kilio nacho kinafanyiwa mazoezi? Unamwita nani, Zisis? Mimi sijachoka kuishi!"

Pale wanaamini kwamba kilio kikipigwa nje ya siku yake huja kuchukua mtu. Malalamiko yakajaa mkahawani. Theano akamwambia Zisis ashuke korongoni, kwenye kinu cha zamani.

"Mto kule unanguruma. Hakuna atakayekusikia."

Kiangazi chote Zisis alishuka asubuhi na kupanda mchana, midomo imevimba, macho yanang'aa. "Inarudi, mama. Leo imeteleza yenyewe." Theano alimtazama akitafuna pai la jibini kwa upande mmoja wa mdomo, akamwamini nusu. Kwa ile nusu nyingine, siku ya sikukuu alimweka Apostolis jikoni, na kahawa mkononi.

Kabla ya sikukuu Bibi Kalio alimzika mwanawe. Siku ilipofika alikaa meza ya mbele, shela jeusi tayari mikononi.

Uwanja ukanyamaza. Zisis akapuliza.

Sauti zote zilikuwepo, kila moja mahali pake. Lakini kando ya kila sauti pumzi ilivuja, fyuu, na pale ilipopaswa kuteleza, meno yaligonga kidomo, tk, tk, kama mtu anayevunja njugu. Tena alipuliza kwa nguvu za kushindana na mto, na pale hapakuwa na mto. Hapo Theano akaelewa. Kule korongoni maji yalikuwa yameifunika kasoro, na mtu wa watu akaifanyia mazoezi kila siku mpaka ikakomaa.

Mezani mmoja akacheka. Bibi Kalio hakufunika uso.

"Mwanangu hajaliliwa," alisema, akainuka, akaenda zake kabla ya mkate.

Zisis akashusha klarineti, akamgeukia Minas wa fidla. "Hiyo tk tk ni mimi?"

"Ni wewe, kaka."

"Tangu lini?"

Minas akajifanya anakaza nyuzi.

Theano alikuja mwenyewe, akifuta mikono kwa aproni. "Tulipatana, Zisis."

"Tulipatana, mama."

Apostolis akatoka jikoni na ngoma ikachezwa mpaka asubuhi. Kilio hakikurudiwa.

Theano aliitundika klarineti juu ya birika za kahawa. Mti wa klarineti usiopulizwa hukauka. Majira ya baridi ulipasuka toka juu hadi chini, na hakuna aliyetaka kuununua. Bibi Kalio hajakanyaga tena mkahawani. Zisis alibaki na meno. Huja Jumapili, hukaa meza ya nyuma, huagiza nyama ya kondoo, na watu wakinyamaza kidogo, unamsikia akitafuna.